Hongera Wasokotaji wa Nanyuki
Hongereni sana, akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers! Tangu 1977 mnageuza sufu ya kondoo kuwa mazulia na mablanketi, kwa mikono yenu. Sufu huja na mafuta, vumbi na miiba. Huoshwa, huchanwa hadi nyuzi zilale upande mmoja, kisha husokotwa kwenye gurudumu. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe: vidole vikiachia sufu nyingi, uzi unanenepa, vikibana mno, unakatika. Rangi hutokana na mimea iliyochemshwa. Zulia la namna hii lina bei, ndiyo, na linastahili kila senti. Wanaokimbilia mazulia ya plastiki kutoka ng'ambo wapitie kwanza Nanyuki, walipapase hili.