Saa Zinapoanza Kuhesabika: Adomnán Akimsimulia Columba

Anayekifungua kitabu cha Adomnán juu ya Mtakatifu Columba akitarajia kuzaliwa, kukua, safari na kifo atapotea mapema. Adomnán, abate wa tisa wa monasteri ya kisiwa cha Iona, aliandika yapata mwaka 700, karne nzima baada ya Columba kufariki mwaka 597, na akavipanga visa kwa aina: sehemu ya kwanza unabii, ya pili miujiza, ya tatu malaika. Safari ya Columba ya mwaka 563 kutoka Ireland, ambayo mwingine angeifanya kiini cha masimulizi, inatajwa kwa kupita tu. Visa vinaandamana bila jana wala kesho. Sehemu ya kwanza, kusema kweli, inachosha: mgeni hajavuka bahari, mtakatifu keshajua anakuja.

Halafu inafika sura ya mwisho ya sehemu ya tatu, na ghafla wakati unapimwa kwa saa. Ni Jumamosi ya mwisho ya maisha ya Columba. Mzee anabariki nafaka ghalani. Akirudi anapumzika njiani, na farasi mweupe wa kubebea vyombo vya maziwa anamwekea kichwa kifuani, analia. Mtumishi wake, Diarmait, anataka kumfukuza, mzee anakataa. Muujiza umo, ila umepitia kwa mnyama wa kazi, na mwandishi hakusahau maziwa.

Columba ananakili Zaburi ya 34, anakomea mwisho wa ukurasa na kusema yaliyobaki ayaandike Baithéne, mrithi wake. Hapa Adomnán anajiharibia. Anasimamisha tukio ili atufafanulie kwamba aya ya mwisho inamfaa anayeondoka, na inayofuata inamfaa mrithi. Tulishaelewa.

Usiku wa manane kengele inalia, Columba anakimbilia kanisani mbele ya wenzake. Kwa mbali Diarmait analiona kanisa limejaa nuru. Akifika mlangoni imezimika, na anapapasa gizani huku akimwita. Kitabu kimesheheni nuru za mbinguni, lakini mwandishi anaizima hii wakati inapohitajika zaidi, na mtakatifu anapatikana kwa mikono ya mtumishi. Safari hii hafafanui neno.

Columba akishafariki, maziko nayo yanafungwa na upepo: siku tatu mlangobahari haupitiki, wanaomlilia ni watawa wake peke yao. Kisimulizi ni hila nzuri, kwani umati ungeivuruga sura hii ya watu wachache. Adomnán, hata hivyo, hakosi kuongeza kwamba Columba alilitabiri hilo pia.