Tiara ya karatasi moja isiyohitaji rula

Kusi likishika, mikorosho ya Mandawa, wilayani Ruangwa, na ya wilaya jirani ya Nachingwea hujiandaa kutoa maua, na watoto hutafuta cha kurusha. Mifuko ya rambo waliyozoea kuichana ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Karatasi moja ya A4, hata ya mtihani uliokwisha sahihishwa, inatosha, kwani vipimo vyote vimo ndani yake.

Kabla ya kukata, pima njiti ya chelewa kwa upande mrefu wa karatasi: huo ndio mgongo. Kisha kunja pembe moja mpaka ukingo mfupi ulalie ule mrefu, ukate kinachobaki. Utapata mraba wa sentimita 21, na mkunjo wake wa pembe hadi pembe ni sentimita 29.7, sawa na mgongo uliopima.

Njiti ya pili izidi kwa vidole viwili, ipindwe kutoka pembe ya kushoto hadi ya kulia, tumbo likielekea juu. Bandika njiti zote mbili, mgongo ukilalia mkunjo, kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Kipande kilichobaki kichanwe vipande vitatu kwa urefu na viunganishwe: mkia huo unakaribia mara tatu ya upande wa mraba.

Karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 5 tu, hivyo uzito si tatizo. Tiara nyingi huangushwa na fundo. Funga uzi wa cherehani njiti zinapopishana, ncha ya pili karibu na mkia, uulegeze uwe kitanzi. Uzi wa kurushia ufungwe kwenye kitanzi hicho: hilo ndilo fundo lenyewe. Upepo lazima upige tiara kwa chini na kugeuzwa kuelekea ardhini. Hapo ndipo tiara hunyanyuka. Fundo likipanda mno, tiara hulala na kukosa nguvu. Likishuka mno, husimama wima ikaburutwa nyuma bila kupaa.

Ikizunguka ovyo, refusha mkia. Ikishindwa kupanda, sogeza fundo kwanza, upana wa kucha kwa kila jaribio. Mdogo apake uji, mkubwa afunge. Mzazi asiwapokonye uzi, ila ahakikishe jambo moja: wanarushia uwanjani, mbali na nyaya za umeme.