Picha Isiyojisimulia: Tshibumba na Hadhira Yake

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba picha hujieleza yenyewe, ilhali hadithi ya mdomo haiwezi kuwepo bila mtambaji. Dai hili halisimami mbele ya uchoraji wa Katanga. Tuchukue mfano ulio bora kuliko yote: picha takriban mia moja za historia ya nchi ambazo Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1947, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mnamo 1973 na 1974. Alizileta kwa mafungu, akazipanga kwa mfuatano, akasimulia kila moja kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Ndipo maswali yakafuata.

Tuitazame picha ya vifo vya Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961. Nyuma ya maiti imesimama misalaba mitatu. Kwenye turubai, misalaba hiyo ni kweli sawasawa na damu iliyo mbele yake; jicho halina njia ya kutofautisha kilichotokea na kilichofikiriwa. Katika masimulizi tofauti hiyo hujitokeza mara moja, kwa kuwa Tshibumba anamlinganisha Lumumba na Yesu na kuutoa ulinganisho huo kama maoni yake mwenyewe. Sarufi ya Kiswahili ina nafsi na ina nyakati. Rangi hazina.

Isidhaniwe kwamba naipunguzia picha heshima yake. Ile aina iitwayo «Colonie belge», ambayo wachoraji wengi wameirudia, inaonyesha kwa mara moja mfungwa aliyelazwa chini, askari mweusi anayemchapa kiboko, na mkubwa wa Kizungu anayetazama. Msimuliaji angelazimika kuwataja mmoja baada ya mwingine, na yule atakayetajwa kwanza angebeba lawama kubwa zaidi. Picha inaacha lawama igawanywe na watazamaji. Na kwa kuwa ilitundikwa sebuleni kama ukumbusho, mgeni aliuliza, naye mwenye nyumba akachagua kiasi cha kusema, kwa kadiri alivyomwamini mgeni huyo. Hapo mtambaji hakuwa mchoraji tena. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi, vilivyozoea kuhesabu ngano, methali na vitendawili, havina sura ya mazungumzo ya namna hii.

Lakini jambo linalopaswa kutushughulisha zaidi sisi wanafunzi wa lugha ni hili: maandishi ambayo Tshibumba aliyatia ndani ya picha ni ya Kifaransa, na masimulizi ni ya Kiswahili. Kifaransa kinataja jina la tukio na mwaka, kama mhuri wa ofisi. Kiswahili, tena kile cha mjini kilichochanganyika na Kifaransa bila haya, kinaeleza nani alimwambia nani, na kwa nini. Anayesoma turubai peke yake anapata historia iliyovaa suti.

Kwa sababu hiyo, kitabu cha Fabian, *Remembering the Present* (1996), kinastahili sifa na lawama pamoja. Kinastahili sifa kwa kuwa kilikataa kuzichapa picha bila masimulizi yake. Lawama ni kwamba masimulizi hayo yamechapwa kwa Kiingereza. Kiswahili chenyewe kilitolewa kando, baadaye, kwenye intaneti. Hivyo msomaji wa Likasi au Kolwezi anaiona picha ya ndugu yake na kukutana na sauti ya mgeni. Tena mfululizo huo wote ulizaliwa kwa kuwa palikuwa na msikilizaji mmoja wa pekee: wanunuzi wa kawaida walichukua picha moja au mbili, si mia. Fabian hakuificha nafasi yake hiyo. Wanaomnukuu ndio wanaoisahau, wakiandika juu ya «simulizi ya picha» kana kwamba kinasa sauti hakikuwa mezani.