Rehema na Usahaulifu katika Zaburi ya 106: Usomaji Kutoka Chale

Zaburi ya 106, yenye aya 48, ndiyo inayofunga kitabu cha nne kati ya vitabu vitano vya Zaburi za Kiebrania. Aghalabu husomwa kama orodha ya makosa: manung'uniko katika Bahari ya Shamu, uroho wa jangwani, uasi wa Dathani na Abiramu, ndama wa Horebu, Baal-Peori, Meriba, na hatimaye kafara za watoto katika nchi ya Kanaani. Kwa usomaji huo, rehema ya Mungu inayotajwa mwishoni huonekana kama kiraka kilichobandikwa juu ya vazi lililokwisha kuchanika. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo ni finyu, na kwamba chanzo kimojawapo cha ufinyu wake ni msamiati ambao Zaburi hii imevikwa katika Kiswahili. Dai hilo linapimwa kwa msomaji mahususi: Mdigo wa pwani ya kusini ya Kenya, hasa wa Chale, kisiwa kidogo kati ya Kinondo na Gazi chenye msitu wa kaya.

Msomaji huyo hakuchaguliwa kwa sababu ya mandhari. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na Zaburi haiwafikii kama kitabu kigeni. Kurani inaitaja kuwa ni kitabu alichopewa Daudi, na Sura ya Al-Baqara inawaita Wana wa Israili mara kadhaa wazikumbuke neema walizoneemeshwa. Kisa cha taifa lililookolewa kisha likasahau kinajulikana Chale kabla Biblia haijafunguliwa. (Zaburi ya 106 yenyewe haina jina la Daudi katika anwani yake, ila mwanzo na mwisho wake umo katika wimbo wa shukrani unaohusishwa naye katika 1 Nyakati 16.) Pamoja na hayo, msomaji huyu ana kumbukumbu nyingine inayofanana na kisa cha Kutoka. Mapokeo ya Wamijikenda yanasimulia safari kutoka Shungwaya, na Wadigo wakiwa wa kwanza kuondoka, hadi kujengwa kwa makaya na kufukiwa kwa fingo, kinga iliyobebwa kutoka huko. Wanahistoria wamehitilafiana juu ya mapokeo hayo. Thomas Spear, katika kitabu chake cha 1978, aliyapa uzito mkubwa kama ushahidi wa kihistoria, ilhali Justin Willis, mwaka 1993, aliyatazama zaidi kama zao la mahusiano ya kisiasa ya nyakati za karibu. Ugomvi huo haumzuii mhakiki wa fasihi. Linalomhusu ni kazi inayofanywa na masimulizi: kuwafanya walio hai wajione kuwa waliondoka Shungwaya, kama vile mwimbaji wa Zaburi anavyojiona kuwa alisimama ufukweni mwa Bahari ya Shamu.

Na tuanze na kusahau. Katika Kiswahili cha kila siku, kusahau ni udhaifu wa akili. Aliyesahau huomba radhi na mambo yakaisha. Kiebrania cha aya ya 13 hakiruhusu wepesi huo. Kitenzi cha kusahau kimetanguliwa na kitenzi cha kuharakisha, hivi kwamba watu hawa hawakupitiwa tu: walikimbilia kusahau. Nusu ya pili ya aya inasema kwamba hawakulingoja shauri la Mungu. Tangu Robert Lowth alipoueleza usambamba wa ushairi wa Kiebrania mwaka 1753, imekubalika kwamba nusu mbili za mstari hufafanuana. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, aliyezoea ukwapi na utao, atatambua umbo hilo mara moja, japo hapa kinachounganisha vipande si vina bali wazo. Kwa hiyo kusahau na kutongoja ni kitu kimoja. Tena aya iliyotangulia, ya 12, imetoka kutueleza kwamba watu waliamini na wakaimba. Ndipo mahali pekee katika Zaburi nzima ambapo kizazi cha jangwani kinaimba, na wimbo wao unafuatiwa papo hapo na usahaulifu. Mshairi anayetunga wimbo wa kukumbuka anakiri kwamba wimbo haukuwatosha wa kwanza. Ni ukiri mzito, na ni ajabu kwamba wafasiri wa maudhui huupita kana kwamba ni kiungo cha masimulizi tu.

Kwa upande wa rehema, Kiebrania kina maneno mawili yanayobeba mzigo. La kwanza ni *hesed*, linalofungua Zaburi katika aya ya 1, likarudi katika aya ya 7 kama kitu kilichosahauliwa, na tena katika aya ya 45 kama sababu ya Mungu kughairi. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 hulitafsiri kwa neno *fadhili*. Neno hilo ni zuri na lina heshima, lakini lina mwelekeo mmoja: hutoka juu kwenda chini, kutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho. Mwanafunzi wa leo anaposikia *mfadhili* humfikiria mtoaji wa fedha za miradi, mwenye nembo yake mlangoni. Si hivyo tu. Hekima ya Waswahili imekwisha kukata tamaa na fadhili kwa wanadamu: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Mbuzi utapata japo mchuzi wake. Msomaji aliyelelewa na methali hii anapokutana na Mungu anayewafadhili watu wasahaulifu mara nyingi, kama isemavyo aya ya 43, ana haki ya kushangaa kwa nini Mungu hajaisikia methali. Mshangao huo una thamani, na mfasiri hakuukusudia. Lakini hautoshi, kwa kuwa *hesed* si hisani ya mtu wa nje. Ni uaminifu wa aliyefungamana na mwenzake kwa agano, na ndiyo maana aya ya 45 inaliweka bega kwa bega na kukumbuka: Mungu alilikumbuka agano lake. Hapo ndipo kiini cha Zaburi kilipo. Rehema si Mungu kuyasahau makosa. Ni Mungu kukumbuka pale watu waliposahau. Kinyume cha usahaulifu wa taifa ni kumbukumbu ya Mungu, wala si usahaulifu mwingine wa upande wa mbinguni. Zaburi ya 78, ambayo ni ndugu wa hii, inathibitisha jambo hilo katika aya ya 39: anayekumbukwa ni mwanadamu mwenyewe, kwamba ni nyama na upepo upitao.

Neno la pili, *rahamim*, liko katika aya ya 46, na hapa Kiswahili kina bahati kuliko lugha nyingi. *Rehema* yetu, iliyopitia Kiarabu, ni ya mzizi uleule, na katika lugha zote mbili za Kisemiti mzizi huo ndio ulioyazaa majina ya tumbo la uzazi. Kwa Wadigo, ambao kwa desturi walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama, wazo la huruma iliyo tumboni halihitaji maelezo marefu: ndugu ni yule wa tumbo moja. Ajabu ya aya hii ni kwamba matumbo yanayosukumwa ni ya watekaji. Mungu anawafanya waliowateka Waisraeli wawaone mateka wao kama watu wa tumbo moja nao. Rehema inapita katika miili ya maadui.

Kaya, kwa upande wake, hulinda kumbukumbu kwa njia nyingine. Miti haikatwi, wanaoingia huvaa kaniki, dua huelekezwa kwa Mlungu na kwa koma, na mvua inapokosekana huulizwa ni desturi ipi iliyopuuzwa. Kumbukumbu ina mahali, na mahali pakiguswa kumbukumbu inajeruhika. Katika miaka ya 1990 hoteli ya watalii ilijengwa katika kisiwa cha Chale, na kaya hiyo haimo miongoni mwa misitu iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ingawa jirani yake, Kaya Kinondo, imo. Je, watu ambao mahali pao pa kukumbukia pamepungua hukumbuka kwa nini? Zaburi ya 106 ilikwisha kukabiliana na swali hilo. Aya ya 47 inasemwa na watu waliotawanyika miongoni mwa mataifa. Kumbukumbu imehamishiwa ndani ya utungo. Mtu asidhani kwamba huo ni ushindi mtupu, maana utungo huohuo umekwisha kutuambia kwamba walioimba walisahau hima. Mzee wa kaya angeweza kwa haki kuuliza ni ulinzi gani huo usio na mti.

Jibu, kama lipo, limo katika viambishi, na hapa tafsiri ya Kiswahili inaonyesha kwa uwazi jambo ambalo msomaji wa lugha nyingine huenda akalipita. Katika aya ya 4 msemaji ni *ni-*, mtu mmoja anayeomba akumbukwe. Katika aya ya 6 anakuwa *tu-*: tumekosa, sisi pamoja na baba zetu. Kisha kwa zaidi ya aya thelathini anajificha nyuma ya *wa-*: walisahau, walinung'unika, walijitia unajisi. Msomaji anapata raha ya kuwahukumu wengine, na raha hiyo ni mtego, kwa sababu *tu-* ya aya ya 6 imekwisha kumtia ndani ya kila *wa-* inayofuata. Katika aya ya 47 *tu-* inarudi, lakini imehama katika kitenzi. Pale mwanzo ilikuwa kiambishi cha mtenda. Sasa ni kiambishi cha mtendwa: utuokoe, utukusanye.