Macho Mawili ya Mohamed Amin

Mwaka 1984 ulimwengu ulimjua Mohamed Amin kwa picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia. Mwaka huohuo kilitoka kitabu Journey through Tanzania, chenye picha zake na za Duncan Willetts. Ni wachache wakumbukao hilo, na hapo ndipo uhakiki wake unapostahili kuanzia.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, mwana wa fundi wa reli kutoka Punjab, akakulia Dar es Salaam. Aliyapiga picha Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Picha zake za habari zina ujasiri wa mtu asiyebisha hodi. Ama anapoigeukia nchi iliyomlea, jicho hulainika: milima, wanyama, uzuri mtupu, mithili ya mgeni amsifuye mwenyeji ili asiulizwe atokako. Pengine si udhaifu wa kamera. Aitwaye Mhindi katika mji alimokulia hudaiwa kila siku ushahidi wa mapenzi yake.

Kitabu kilicho karibu zaidi na kwao ni Railway across the Equator cha 1986, juu ya njia ya chuma aliyoitumikia baba yake. Humo hasifu; anasimulia.