Vitabu vya watoto: tunamchagulia nani?



Mwaka jana mkutubi wa skuli moja ya msingi hapa Ohio aliniandikia. Skuli yake imepokea watoto wengi wa Kikongo, baadhi yao wamezaliwa kambini Nyarugusu, kule Kigoma, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho kinachosemwa. Alikuwa na fedha kidogo za vitabu, akataka nimtajie kumi tu. Mimi, mwenye shahada tatu na miaka 20 na ushei ya kufundisha fasihi, nikaiona kazi ya dakika tano. Nikampelekea orodha. Na orodha ile, nakwambieni kweli, ilikuwa mbovu.

Ubovu wake haukuwa kwenye vitabu peke yake, ulikuwa kwangu mimi mchaguaji. Kila kitabu nilikipima kwa maswali mawili: Je, Kiswahili chake ni sanifu? Je, kina funzo? La tatu sikuuliza: je, mtoto atakirudisha akitaka kingine?

Nililijua kosa langu siku niliyokwenda kuwasomea mwenyewe. Nilianza na kijitabu cha mtoto mtiifu na mwenzake mkaidi. Sikitaji jina, maana viko chungu nzima na vyote ni ndugu. Ukurasa wa pili darasa zima lilishajua nani ataumia. Mvulana mmoja akalaza kichwa mezani, basi tena.

Nikatoa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert (1952), ambacho nilikiweka katika orodha kwa heshima tu, nikijua hakuna atakayekifungua. Nikaruka sifa za mfalme, nikaingia moja kwa moja kwenye lile tukio la liwali ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili, kisha akalia na kuwalisha vinono. Kimya. Msichana mmoja akanyanyua mkono: "Juu ya nini anabapiga?"

Ulimi uliniwasha. Nusura nimwambie, sema "kwa nini anawapiga". Namshukuru Mungu nilinyamaza. Kwao ndivyo lugha inavyosemwa, na tena swali lake ndilo lile lile lililomkosesha raha Mfalme Rai wa Ughaibu mwenyewe. Kisa kizima kinaendeshwa na swali hilo. Ningemsahihisha, angejifunza "kwa nini" na asingeuliza tena.

Sasa hapa ndipo hoja yangu. Hakuna atakayesema Shaaban Robert hana mafunzo. Wale ndugu wanaitwa Hasidi na Mwivu, mtu atake nini tena! Lakini kwake funzo limepanda mgongoni mwa kisa. Vitabu vyetu vingi vya watoto vimegeuza mambo: kisa ndicho kinachobebeshwa funzo, kama punda wa chokaa, na mtoto anamwona yule punda anavyoyumba. Aibu ya kitabu hiki ni nyingine: sentensi zake ni nzito kwa mtoto wa miaka 9. Huwezi kumwachia peke yake, lazima mtu mzima amsomee, na kuruka si dhambi.

Orodha yangu ya pili, kwa ufupi, ni hii.

Kwa wadogo na wale wasiopenda kusoma, Abunuwasi ya Gado (Sasa Sema, 1996). Ni katuni. Najua wapo kati yetu wanaodhani katuni si kitabu. Lakini Abunuwasi ni mjanja anayewashinda wakubwa, na mtoto aliye mgeni katika nchi ya watu anamwelewa upesi kuliko sisi.

Kwa wenye subira, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015. Huku watoto wanaijua hadithi kwa sinema. Wakiikuta kwa Kiswahili wanaona lugha ya mama zao nayo inaweza kufanya mzaha na upuuzi, si kufokea na kusali tu.

Kwa wa miaka 13 na zaidi, Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo (2002), kinachohusu watoto wa Dar es Salaam wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare. Kimesomwa sana katika sekondari za Tanzania. Kina nguvu, ila nimemwomba mkutubi asikifanye cha kwanza. Mtoto aliyetoka kambini asione kwamba Kiswahili ni lugha ya dhiki tu.

Na kwa kuwa fedha ni kidogo, ipo African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini. Hadithi zake, zikiwemo za Kiswahili, zinapatikana bure mtandaoni na unaruhusiwa kuzichapa. Ubora wake haulingani, nyingine ni tafsiri zilizofanywa kwa haraka. Zisomeni kwanza nyinyi wenyewe.

Mtauliza, haya yote yamekuuma nini? Wanangu wawili wameshakuwa watu wazima. Kiswahili chao ni cha salamu na chakula. Kila nilipokwenda Unguja niliwaletea vitabu, vyote sanifu, vyote na mafunzo yake, nikawaketisha na kuwasahihisha matamshi. Vitabu hivyo bado viko kabatini kwangu. Havina ukurasa uliokunjika wala doa la chai.

Basi nyinyi mnaowasomea wana na wajukuu huko Muscat, London na Toronto, naomba kila mmoja anitajie kitabu kimoja. Kile mlichokipenda nyinyi mkiwa wadogo hicho nakijua, nami nilikipenda. Nataka kile ambacho mtoto amekiomba mara ya pili.

Wasalaam.