Kabla Hujanunua Hisa: Namna ya Kukipima Kikundi

Mnunuzi wa mchele anayeijua kazi yake, akifika kwenye mashine za kukoboa za mji wa Chimala, mkoani Mbeya, haangalii mdomo wa gunia. Pale juu kila muuzaji ameweka punje ndefu, safi, zisizo na chenga. Yeye anachoma bambo ubavuni na chini, anamimina punje kiganjani, anatafuna mbili tatu kuona kama zimekauka. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vina mdomo wa gunia: sare za vitenge, katiba yenye muhuri, na picha ya siku ya kugawana ambapo kila mwanachama ameshika noti. Vyote ni vizuri kuwa navyo, lakini havikwambii lolote juu ya kilichomo ndani.

Kwa mtu mwenye biashara, faida kubwa ya kikundi siyo mkopo. Mkopo utaupata hata kwa wakopeshaji wa kausha damu, tena siku hiyo hiyo. Usichoweza kukipata kwingine ni watu ishirini wanaojua biashara inavyouma, ambao fedha zao zimo katika sanduku lile lile unalotaka kulichota, na kwa hiyo wana kila sababu ya kukuuliza maswali magumu kabla hujapoteza mtaji. Kikundi kizuri ni kinachojua kuuliza. Hicho ndicho cha kwenda kukipima.

Wakubwa wanalijua hili na wanalilipia. Mwaka 1957 huko Milwaukee, Marekani, Robert Nourse aliwakusanya wakuu wa kampuni wachache wawe wanaelezana shida za kazi zao na kushauriana. Leo jumuiya ile inaitwa Vistage na ada yake si ya mchezo. Miaka 230 kabla ya hapo, mwaka 1727, Benjamin Franklin alikuwa kijana mchapaji tu mjini Philadelphia alipoanza kukutana na wenzake kila Ijumaa jioni, akiwemo fundi viatu, seremala na mpima ardhi, wakiwa na orodha ya maswali ya kujibu. Hapa kwetu, mwaka 2000, wakuu wa kampuni za Dar es Salaam walianzisha jukwaa lao, CEO Roundtable, na marehemu Ali Mufuruki akawa miongoni mwa waasisi na mwenyekiti wake. Sisi wa Chimala tuna sanduku la kufuli tatu. Mtindo huo ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaingia Zanzibar, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukazaa VICOBA huku bara. Watu huuona kama mpango wa akiba wa akina mama. Ukiendeshwa sawasawa, kazi inayofanyika humo ni ile ile ya Milwaukee.

Basi nenda siku ya kikao, na uwahi. Dakika za kwanza zinasema mengi. Kwa utaratibu wa asili, kikao kinapofungwa salio la sanduku hutangazwa kwa sauti na kila mtu hulishika kichwani. Kikao kinachofuata, kabla sanduku halijafunguliwa, mwenyekiti huita namba ya mwanachama yeyote na kumtaka alitaje. Sikiliza wanaoitwa. Kama ni katibu na mhasibu tu wanaojibu, wengine wakiangalia chini, hao wamekwisha kukabidhi akili zao kwa watu wawili, na mtu asiyejua salio hawezi kumuuliza swali la maana anayekuja kukopa. Lakini kama mama wa namba 17, ambaye hakukaa shuleni hata miaka miwili, anataja mpaka shilingi mia tano ya mwisho, sogeza kiti.

Angalia pia funguo. Zinatakiwa zikae kwa watu watatu tofauti, sanduku lenyewe likae kwa wa nne. Ukikuta funguo zote zimefungwa kwenye kamba moja ya mwenyekiti, usipoteze muda kuuliza sababu, maana utaelezwa sababu nzuri sana.

Sasa ngoja zamu ya mikopo, maana hapo ndipo penye kiini. Kikundi kibovu humaliza mikopo minane kwa robo saa: mwombaji anasimama, anataja kiasi, mhasibu anaangalia kama hisa zake zinafika theluthi yake, wadhamini wananyosha mikono, makofi, anayefuata. Hesabu ya theluthi ni muhimu, sikatai, ila inalinda sanduku peke yake. Mkopaji mwenyewe hailindi.

Kikundi kizuri kinachelewa. Tuseme ni Julai, mpunga umejaa bonde zima la Usangu, na mwanachama anaomba shilingi 1,000,000. Anataka kununua gunia kumi za mpunga kwa 100,000 kila moja, azifungie ghala la mashine, auze bei ikipanda. Hakuna mtu Chimala asiyelijua wazo hili, na ndiyo maana ni rahisi kulipigia makofi. Swali la kwanza linatoka nyuma: “Dada, mkopo wetu ni wa miezi mingapi?” Mitatu. “Na bei ya mpunga inapanda lini?” Kimya kidogo. Kila mtu anajua inapanda sawasawa Januari na Februari, wakati maghala yamepungua. Mkopo wa Julai unaisha Oktoba.

Hapo mwenye karatasi anapiga hesabu mbele ya wote. Riba ya asilimia 5 kwa mwezi kwa miezi mitatu ni 150,000. Ghala, tuseme 2,000 kwa gunia, ni 20,000. Kwa hiyo kila gunia lazima lifike 117,000 ndipo arudishe fedha za watu bila faida ya hata senti, na alifikishe hapo Oktoba, siyo Februari. Swali la pili: mpunga huo umekaukaje? Ulioingizwa ghalani mbichi ukija kukobolewa unakatika, chenga zinakuwa nyingi, na gunia la kilo 100 ambalo lingetoa kilo 65 za mchele linatoa pungufu. La tatu linatoka kwa mzee aliyeyaona: mchele wa nje ukiingia bandarini je, kama ilivyotokea 2013, wenye maghala walipobaki wameshika vichwa?

Usikimbilie kudhani kwamba wamemkatalia. Kikundi kinachokataa ovyo ni kibovu sawa na kinachokubali ovyo. Mwisho wa mjadala kama huu, mwombaji mwenyewe mara nyingi huligeuza ombi lake: atanunua gunia nne kwa fedha yake, azikalishe mpaka Februari bila presha ya mtu, na akope laki tatu za kuongeza mtaji wa genge linalozunguka kila wiki. Fedha ya miezi mitatu imekwenda kwenye biashara ya miezi mitatu. Ushauri wa aina hiyo benki haina muda wa kuutoa, na ndugu yako hawezi kukupa kwa sababu hana fedha yake ndani.

Tega sikio vilevile kwa namna wanavyosema. Mshauri mbaya huanza na “wewe unatakiwa”. Mzuri husema, “Mimi mwaka juzi nilikopa hivyo hivyo, nikauza Oktoba kwa hasara, hiki ndicho kilichonipata.” Vikundi vya wakuu wa kampuni huko duniani vimefanya jambo hili kuwa kanuni: eleza yaliyokukuta, mwache mwenzako aamue. Vijijini kwetu halijaandikwa kwenye katiba, lakini vikundi vilivyokomaa vinalifuata bila kuambiwa. Sababu yake ni ya kawaida tu. Ukimwamrisha mtu mzima akafuata na akaanguka, hasara anakupa wewe. Ukimsimulia, anabaki na uamuzi wake na heshima yake.

Kisha omba kuliona daftari. Usiishie kwenye hesabu za hisa, kwa kuwa hizo karibu kila kikundi kinaziandika vizuri. Tafuta kama sababu ya mkopo imeandikwa, halafu pekua kurasa za mbele uone kama kuna mahali walimuuliza mkopaji: lile genge limefikia wapi? Daftari linalosema “biashara” kwenye kila mstari ni la watu wasioulizana.

Jambo linalonitatiza kila ninapopima vikundi vya mji huu ni wanachama wenyewe. Vistage wana sharti kwamba washindani wasikae kundi moja, na lina mantiki: nani atamwambia mshindani wake kwamba mteja wa soko la Tandale, Dar es Salaam, amegoma kulipa? Chimala ni mji wa mchele. Mwenye mashine, dalali, mbeba mizigo, mama lishe, muuza mbolea, wote wanakula kwenye mpunga. Kikundi cha wachuuzi wa mchele watupu kina ubaya wa aina tatu. Watafichana habari. Bei ikianguka wataanguka siku moja, na sanduku nalo. Na wakizoeana sana, ushauri huanza kugeuka kupanga bei ya kumnunulia mkulima, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalikataza na majirani zako wakulima hawatalisahau. Mimi hupenda kikundi ambamo yumo japo mtu wa viazi anayeshusha mzigo kwa barabara ya kona 57 kutoka Matamba, fundi pikipiki, mwenye duka la dawa za mifugo, na mwalimu mmoja mwenye mshahara wa kila mwezi. Mtu wa viazi anajua mzigo unavyooza, na mtu wa mpunga anajua kungoja. Wakikaa pamoja wanafundishana.

Wasitofautiane mno, hata hivyo. Mwenye Fuso mbili na mwenye sinia la ndizi hawawezi kushauriana kwa usawa, atakayenyamaza unamjua.

Kuhusu siri nitasema kwa ufupi. Mficha uchi hazai, lakini pia hakuna anayevua nguo barabarani. Katika mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ya Zambia, neno likitoka kikaoni asubuhi, mchana liko Igurusi. Namna rahisi ya kupima ni kuwauliza wanachama habari za mtu aliyejitoa. Wakianza kukuhesabia madeni yake na ugomvi wake na mumewe, jua yako yatahesabiwa vilevile. Wakisema, “Alipata uhamisho, alilipa, tuliachana vizuri,” hata kama siyo habari yote, hao wanaweza kutunza lako.

Uongozi nao una kipimo chake: siku mwenyekiti mwenyewe anapoomba mkopo. Je, anaulizwa ghala liko wapi kama wengine? Anampisha mwingine aongoze kikao? Ama maombi yake hupita watu wakiwa wanajiandaa kuondoka? Mwenyekiti asiyeulizwa ndiye huanguka na sanduku.

Vipo vikundi ambavyo havifai hata kupimwa. Vya kwanza ni vilivyoundwa kwa ajili ya fedha za halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu wenyewe ni mzuri, ila vikundi hewa vilichangia mikopo hiyo kusimamishwa mwaka 2023, ikarejea 2024. Waulize tu walikuwa wakikutana kwa lipi kabla ya fomu. Vya pili ni vile vya upatu, vya “panda mbegu”, ambavyo kila kizazi kinavileta na jina jipya. DECI ilikuwa na maelfu ya watu mwaka 2009 serikali ilipoingilia kati, na kati ya hao wote hukumsikia aliyesimama kuuliza faida inatokana na biashara gani. Panapoahidiwa faida bila mtu yeyote kueleza biashara yake, hapo hapana kikundi.

Usajili usiupuuze. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi viko daraja la nne chini ya Benki Kuu na husajiliwa kupitia halmashauri. Dai cheti, kisome, kirudishe. Kinathibitisha kwamba wapo. Kwamba wanaulizana utathibitisha mwenyewe.

Mwisho, tazama tarehe ya kuvunja sanduku. Kwa mkulima au mchuuzi wa Usangu, mgao wa Novemba unakuta msimu wa kukodi shamba na kulipa pawatila. Mgao wa Julai unakuta watu wana fedha za mavuno tayari, na utaishia kwenye sherehe. Kikundi kilichochagua mwezi wake kwa sababu kinayoweza kuieleza kimefikiri. Kilichoiga Desemba kwa kuwa wenzao wa mjini hugawana Desemba bado kina safari.

Ukikipata kinachokuridhisha, usinunue hisa siku hiyo. Omba ukae vikao viwili kama mgeni, nyuma kabisa, bila kusema. Wakikubali, sikiliza maswali. Wakikataa, au wakikuharakisha ulipe kiingilio kabla nafasi hazijajaa, aga kwa adabu na utafute kingine.